Stampu za Unguja Kama Hati za Historia

Stampu ya posta ni karatasi ndogo, lakini ni hati ya serikali. Haitolewi ila kwa amri, nayo hubeba jina la nchi, sura ya mtawala na thamani ya fedha itumikayo. Kwa hiyo wanahistoria huihesabu kuwa ushahidi. Hata hivyo ushahidi huo una desturi zake, na asiyezijua hupotoka. Stampu za Unguja, zilizotumika tangu mwaka wa 1895 hata mwisho wa mwaka wa 1967, zaonyesha jambo hilo waziwazi.

Hapo kwanza posta ya Unguja ilikuwa chini ya posta ya Bara Hindi. Ilipoondolewa huko mwezi wa Novemba 1895, stampu mpya hazikuwa tayari; basi zile za Bara Hindi zilipigwa chapa neno "Zanzibar" juu yake, papo hapo mjini. Katika chache neno lilitoka "Zanzidar", kosa linaloonyesha haraka ya kazi ile. Thamani ilibaki kuhesabiwa kwa anna. Senti ziliingia mwaka wa 1908, na shilingi mwaka wa 1936. Yaani posta iliachana na Bara Hindi mapema, bali fedha ilikawia.

Stampu za mwaka wa 1896 zina sura ya Sayyid Hamed bin Thuwaini. Yeye alifariki tarehe 25 Agosti mwaka huo huo. Sayyid Khalid bin Barghash alilishika jumba la kifalme, akaondolewa kwa mizinga ya manowari za Kiingereza tarehe 27, na Sayyid Hamoud bin Mohammed akatawazwa. Lakini sura ya Hamed iliendelea kuuzwa posta hata baada ya hayo. Ya Hamoud haikuonekana mpaka mwaka wa 1899. Asomaye stampu peke yake atadhani Hamed alitawala miaka mitatu zaidi, na habari za Khalid hatazipata kabisa.

Jambo kama hilo lilitokea tena. Stampu za mwaka wa 1961 zilikuwa na picha za karafuu, jahazi na msikiti wa Dimbani, pamoja na sura ya Sayyid Abdulla bin Khalifa, aliyefariki Julai 1963. Stampu za Desemba 1963, zenye neno "Uhuru", zilikuwa na sura ya mwanawe, Sayyid Jamshid. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, stampu za namna zote mbili zilipigwa muhuri wa mkono: "JAMHURI 1964". Hivyo neno la utawala mpya likakaa pamoja na sura ya Sultani aliyekwisha kufa, si ya yule aliyepinduliwa tu. Baadaye mwaka ule zilitolewa stampu mpya, zenye picha za shoka na mnyororo uliokatika.

Hapana budi, basi, kuipima kila sehemu ya stampu kwa kadiri yake. Picha yaeleza jinsi serikali ilivyotaka kuonekana, nayo aghalabu huchelewa nyuma ya mambo. Neno lililopigwa juu yake laeleza mabadiliko yasiyoweza kungoja picha mpya. Na tarehe iliyo katika muhuri wa posta ndiyo ionyeshayo siku stampu ilipotumika. Atakayeondoa stampu katika bahasha yake, akautupa muhuri huo, atakuwa ameipoteza nusu ya hati.