Mshahara Ukishaingia, Kisha Nini?

Kaa kwenye kimbweta chochote hapa chuoni kuanzia saa kumi jioni, hasa ukiwa na watu wa mwaka wa tatu. Haziishi dakika kumi hujasikia neno "kitengo". Fulani kapata kitengo. Fulani ana mjomba wake kwenye kitengo. Wote tunajua maana yake: mshahara mnene, gari la ofisi, posho za safari. Ila sijawahi kusikia mtu akiuliza: huyo fulani, kuanzia asubuhi mpaka jioni anafanya nini hasa?

Na mimi sikuwa nauliza. Nasoma uhasibu, na nilikuwa napiga hizo stori kama wengine mpaka field mbili ziliponichanganya.

Field ya kwanza nilipangiwa kampuni moja mjini. Kiyoyozi, chai ya saa nne, na elfu kumi ya nauli kila siku. Washikaji waliniona nimetoboa. Kazi yangu ilikuwa kugonga mihuri na kutoa kopi, nikimaliza nakaa. Hakuna aliyenionyesha zile karatasi zinatoka wapi na zinakwenda wapi. Wiki ya tatu nilikuwa nahesabu vigae vya dari. Wiki ya tano niliumwa malaria, nikakosa siku mbili. Niliporudi, hakuna aliyekuwa amegundua kwamba sikuwepo. Hilo liliniuma kuliko malaria yenyewe.

Field ya pili ilikuwa hospitali ya wilaya, bila hata shilingi ya nauli. Ofisi ya uhasibu ilikuwa imejaa, nikapelekwa masjala, kwenye mafaili ya wagonjwa. Asubuhi ya kwanza nilichomeka faili moja pasipo pake. Mama mtunza kumbukumbu akalichomoa, akanipa mkononi. "Mwanangu, faili ukiliweka hapa limekufa. Mwenye nalo ana miaka sita ya presha humu ndani. Akija kesho, daktari anaanza naye upya kama mgeni." Tangu siku hiyo sikuona tena makaratasi, niliona watu. Nilikuwa narudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye nyusi, lakini asubuhi naamka kabla ya alamu.

Sasa hapo ndipo swali likaja. Kwa nini nilichoka zaidi nilipokaa bure na kulipwa, kuliko nilipofanya kazi bila kulipwa? Nikaingia maktaba kutafuta, na niliyoyapata ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa.

Kwanza tuliweke sawa suala la pesa, maana makala za namna hii huwa zinalikwepa. Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Waliwaomba wasimulie lini walijisikia vizuri sana kazini, na lini walijisikia vibaya sana. Majibu hayakuwa pande mbili za kitu kimoja. Waliosimulia siku mbaya walitaja zaidi sera za kampuni, wasimamizi, mazingira na mshahara. Waliosimulia siku nzuri walitaja zaidi kukamilisha jambo gumu, kutambuliwa, kupewa jukumu, na kazi yenyewe. Kwa Herzberg, mshahara mbovu unakukera, lakini mshahara mzuri huishia kuondoa kero tu. Haukupi raha ya kazi. Wapo waliompinga wakisema binadamu tuna kawaida ya kujisifia mazuri na kuyalaumu mazingira kwa mabaya, na hoja yao ina uzito. Hata hivyo, mimi nilijiona humo: kule mjini sikuwa na kero ya nauli, na raha sikuwa nayo.

Pili, kuna suala la jinsi mtu anavyoiona kazi yake. Mwaka 1997 Amy Wrzesniewski na wenzake walichapisha utafiti uliowahusu wafanyakazi 196. Waliwagawa katika mitazamo mitatu: wanaoiona kazi kama njia ya kupata riziki tu, wanaoiona kama ngazi ya kupandia cheo, na wanaoiona kama wito. Tungedhani wito ni wa madaktari na riziki ni ya makarani. Lakini walipochukua makarani 24 wa chuo kimoja, wenye kazi zinazofanana, walikuta wamegawanyika karibu sawasawa katika makundi yote matatu. Meza zile zile na karatasi zile zile, lakini kila mmoja anaiona kazi kivyake.

Miaka minne baadaye, Wrzesniewski na Jane Dutton waliandika kuhusu wafanya usafi wa hospitali moja. Baadhi walisema kazi yao ni kupiga deki, basi. Wengine walijihesabu kuwa sehemu ya kumponya mgonjwa: walizungumza na wagonjwa, waliwasaidia wageni waliopotea njia, walipanga usafi wao uendane na kazi ya wauguzi. Hakuna aliyewaagiza. Waliibadilisha kazi kwa pembeni, kidogo kidogo, wakiwa ndani yake. Niliposoma hapo nilimkumbuka yule mama wa masjala.

Tatu, kumwona unayemsaidia. Adam Grant na wenzake walifanya jaribio kwenye kituo cha simu cha Chuo Kikuu cha Michigan, ambako vijana walikuwa wakiwapigia watu kuomba michango ya ufadhili wa masomo. Kundi moja lilikutanishwa kwa dakika chache na mwanafunzi aliyesoma kwa michango hiyo. Baada ya mwezi mmoja, muda wao kwenye simu ulikuwa umepanda kwa asilimia 142, na fedha walizokusanya kwa asilimia 171. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Mshahara haukuongezwa hata senti. Kilichoongezeka ni sura ya mtu.

Ukiunganisha na nadharia ya Edward Deci na Richard Ryan, picha inakamilika. Wao wanasema binadamu anahitaji vitu vitatu ili kazi imwingie moyoni: awe na uamuzi fulani juu ya anachofanya, aone anaiweza na anaendelea kuiweza zaidi, na awe na watu anaojali na wanaomjali. Nikipima field yangu ya kwanza kwa mizani hiyo, napata sifuri, sifuri, sifuri.

Lakini ngoja. Hapa kuna mtego, na wasomi tusiuingie kichwakichwa. Maneno kama "wito" na "kujitolea" yametumika sana kuwanyamazisha watu. Mwalimu akidai malimbikizo yake anaambiwa ualimu ni wito. Muuguzi akiuliza posho ya zamu ya usiku anaambiwa awe na huruma. Mtu mwenye kupenda kazi yake ni rahisi kumnyonya, kwa sababu hataiacha.

Mjadala huu hata si mpya. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliandamana kupinga masharti ya kwenda JKT, yaliyowataka wapokee sehemu tu ya mshahara kwa muda baada ya kuhitimu. Mwalimu Nyerere alikasirika, akawarudisha nyumbani zaidi ya wanafunzi 300. Lakini alifanya na jambo la pili: alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mtu anaweza kubishana usiku kucha nani alikuwa sahihi. Mimi nachukua kipimo kimoja tu: anayekuhubiria kujitolea, muulize yeye amekatwa ngapi.

Na tukumbuke pia kwamba kusudi si lazima likae kwenye ajira. Shaaban Robert aliajiriwa ukarani na serikali ya kikoloni mwaka 1926, akaufanya kwa miaka mingi. Ukarani ulimlisha. Leo hatumkumbuki kwa mafaili, tunamkumbuka kwa vitabu.

Sasa nirudi kwangu, maana haya yote si ya maktaba tu. Ile kampuni ya mjini imenipigia. Mkataba wa mwaka mmoja, mshahara wa maana. Hospitali nako wamesema naweza kwenda kujitolea kwa posho ndogo mpaka nafasi itakapotangazwa, na hakuna anayejua itatangazwa lini. Bodi ya Mikopo inasubiri asilimia 15 ya mshahara wangu. Mdogo wetu yuko kidato cha tano. Na dada yangu, anayeuza vitambaa kwenye duka la mtu Kariakoo, ndiye aliyefunika kila mahali boom lilipopungua kwa miaka mitatu.

Nilimweleza yote, na Herzberg wangu, na makarani 24. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mdogo wangu, hilo kusudi linalipa kodi ya nyumba?"

Nikakaa kimya. Kisha nikamuuliza, sasa yeye pale dukani anakaa kwa ajili ya kodi tu? Akacheka. "Kodi kwanza. Ila kuna mabibi harusi wanarudi kunionyesha picha. Siku hiyo hata miguu haiumi."

Basi dada alikuwa anayajua haya kabla ya Wrzesniewski.

Nimekubali kazi ya mjini. Sioni aibu kuandika hivyo kwenye gazeti letu. Lakini kwenye barua ya kukubali nimeongeza aya moja: nimeomba nianzie kitengo cha malipo ya wafanyakazi na wazabuni wadogo, ambako ukikosea tarakimu kuna mtu hali chakula siku hiyo. Jumamosi moja moja nitapita masjala, yule mama amekubali. Sijui kampuni watajibu nini.

Na wewe unayekwenda field mwaka huu, usiishie kuuliza wanatoa nauli shilingi ngapi. Uliza na hayo, ila ongeza matatu. Hii karatasi ninayogonga mhuri inakwenda kwa nani? Kuna jambo gani hapa ninaweza kuliamua mwenyewe, hata dogo? Nisipokuja kesho, nani atagundua? Ukikosa jibu la yote matatu, jua mapema unachouza na kwa bei gani. Unaweza kukiuza, wengi wetu hatuna namna. Ila usikiuze bila kujua.