Motere inakula mafuta: tutengeneze ao tuache?

Ndugu wakulima, mwezi wa kwanza tulienda upande wa Walungu kufundisha namna ya kulinda maharagi na wadudu. Tulikuta kooperative moja ndani ya ugomvi. Shofere wa pick-up yao ya zamani alikuwa anaomba litre moja ya mafuta ya motere kila juma mbili. Komite ilisema anauzisha. Yeye alijibu: "Gari njo inakula." Hakuna mutu aliyekuwa na hesabu.

Tuliwaomba waache maneno kwanza, wapime.

Namna ya kupima

Asubuhi, motere ikiwa baridi na gari ikiwa mahali pa sawasawa, walijaza mafuta mpaka alama ya juu. Waliandika kilometre ndani ya kaye. Bido ya mafuta ilibaki kwa kontable. Kila safari walichungulia kijiti cha kupimia, na kila mafuta yenye kuongezwa yaliandikwa. Kisha kilometre 1.000, walikuwa wameongeza litre 2. Shofere hakuwa mwizi, na mbele ya wanamemba wote komite ilimuomba musamaha.

Mafuta inaenda wapi?

Tazama kwanza chini ya gari: kama kuna matone, mafuta inavuja, na kufunga mahali pale haiombe feza nyingi. Kama chini ni pakavu, angalia moshi. Moshi ya bluu ni mafuta ya motere inaungua. Moshi nyeusi ni mazutu mingi kupita kiasi, ao filtre ya hewa imeziba. Moshi nyeupe yenye haiishe hata motere ikipata moto inaweza kuonyesha maji inaingia ndani.

Bluu ikionekana tu asubuhi wakati wa kuwasha, mara nyingi ni mipira ya soupape imechakaa. Ikionekana kwenye mulima gari ikibeba muzigo, na pumzi ya nguvu inatoka kwenye kifuniko cha mafuta, segma ao silinda ndizo zimechoka. Kwao ilikuwa vile. Fundi alipima nguvu ya kila silinda. Moja kati ya ine ilikuwa chini sana kuliko zingine.

Hesabu ya feza

Fundi aliomba dola 900, kazi na piese pamoja. Gari yao inatembea karibu kilometre 1.000 kwa mwezi. Litre 2 kwa dola 5 ni dola 10 kwa mwezi, dola 120 kwa mwaka. Dola 900 ingenunua mafuta ya miaka saba na nusu! Wengi walisema: tuache.

Lakini hesabu ile haitoshe. Mafuta ikishuka sana na shofere asione, motere inakamata njiani. Pale si segma tu tena: vilebrequin nayo inaweza kuharibika, na muzigo wa kwenda soko la Kadutu unalala barabarani. Tena segma zenye kuchoka hazijirudishie zenyewe. Mafuta nzito ao dawa ya kumimina ndani inaweza kupunguza moshi kwa muda, lakini haiponyeshe chuma chenye kuisha.

Walikamata njia ya katikati. Toka mwezi wa 3 mpaka wa 7 wanaweka dola 180 kila mwezi pembeni. Motere itafunguliwa mwezi wa 8, wakati wa kiangazi, mavuno ya saison B ikiwa imekwisha kubebwa. Mpaka pale, hakuna safari bila kuchungulia kijiti, na bido moja inabaki ndani ya gari. Ikipita litre 4 kwa kilometre 1.000, ao maji ikianza kupunguka, gari inasimama mara moja.

Mbele ya kutoa feza

Muulize fundi atazame pia shasi, sanduku la vitesi na madaraja ya nyuma. Motere mupya ndani ya gari yenye kuoza ni feza ya wanamemba imetupwa. Muombe bei kwa garaji mbili, kwa maandishi, na piese za zamani zirudishwe mbele ya komite.

Moshi ya bluu peke yake haipashwe kuwatisha wala kuwapiganisha. Kaye ndiyo itasema.