Je, Wajua? Gari la Safari Linalokaa Kiganjani

Ukishuka kwenye boti ya kutoka Mbita ukakanyaga mchanga mweupe wa Takawiri, hupigiwi honi. Kisiwa hiki cha Homa Bay ni cha mitumbwi, nyavu na omena walioanikwa juani. Hata hivyo, gari la kwanza lilinipita kabla sijavaa viatu. Lilisukumwa na mvulana aliyekuwa akikimbia huku ameshika waya mrefu uliomfika kifuani, wenye usukani juu. Kila alipouzungusha, magurudumu ya mbele, yaliyokatwa kwenye malapa machakavu, yaligeuka. Gari likagonga jiwe, likabiringika mara mbili. Akalinyoosha ekseli kwa meno, akaendelea na safari.

Mimi nina gari lililoshinda mbio za magari za Safari Rally, na halikati kona. Ni Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, mfano wa lile lililowapa ushindi Edgar Herrmann na Hans Schüller mwaka 1971. Gari lenyewe lina urefu wa mita 4.1 hivi, la kwangu halifiki sentimita 10, kwa kuwa limepunguzwa mara 43.

Kwa nini 43, wala si 40 au 50? Lawama ni ya treni. Waingereza waliounda treni za kuchezea walichukua milimita 7 kuwakilisha futi moja. Futi ina milimita 304.8, gawanya, utapata 43 na ushei. Magari madogo yaliundwa yasimame kando ya reli hizo. Treni ziliondoka mezani, kipimo kikabaki, na leo ndicho wakusanyaji wengi wanachokitafuta wanaponunua magari ya mbio za masafa marefu, yakiwemo yale ya saa 24 za Le Mans, mbio zilizoanza mwaka 1923.

Le Mans ni kuzunguka njia ileile usiku na mchana. Safari ilizaliwa na mtu aliyechoshwa na jambo hilohilo. Inasimuliwa kwamba Eric Cecil alimwalika binamu yake, Neil Vincent, kwenye mbio za Langa Langa, Nakuru. Vincent akakataa: kuzunguka uwanja mmoja kunachosha, afadhali mtu afunge mlango wa gari, akate nusu ya Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika awe mshindi. Mwaka 1953, Malkia Elizabeth alipotawazwa, mbio hizo zikafanyika kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika.

Hazikuwa na huruma. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 mvua ilinyesha na waliomaliza walikuwa 7 vilevile. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Mzaliwa wa Kericho, Joginder Singh, alishinda mara tatu, mwaka 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer.

Sasa fikiria: magari yaliyoundwa yavumilie yalivunjika kwa makumi, ilhali la kwangu liliwahi kuanguka kutoka kabatini, mita 1.5. Kwa kipimo chake ni kama kudondoka mita 64, yaani ghorofa ya 20 hivi. Liling'oka kioo cha pembeni, basi.

Siri yake Galileo aliieleza mwaka 1638 akizungumzia mifupa ya wanyama. Ukipunguza kitu mara 43 kila upande, eneo la mkato wa viungo vyake, ndilo linalobeba mzigo, hupungua mara 43 kwa 43, yaani 1,849. Uzito hupungua mara 43 tena juu ya hapo: 79,507. Kila kiungo kinabaki na kazi nyepesi mara 43. Tena kasi ya kuanguka haijui vipimo vya wakusanyaji. Gari langu lilitua kwa kilomita 20 kwa saa hivi, si kwa kasi ya kitu kilichotoka ghorofa ya 20.

Kwa hesabu hiyo, Datsun ya kilo 1,040 ingepaswa kuwa na gramu 13 tu, karibu vijiko vitatu vya sukari. Magari madogo ya metali huzidi hapo kwa mbali, kwa sababu kuta zake ni nene mno. Metali yenyewe ni zinki iliyochanganywa na alumini kidogo, na ina maradhi yake: risasi kidogo ikiingia kwenye mchanganyiko, gari hupasuka lenyewe baada ya miaka, na unyevunyevu huharakisha. Hewa ya ziwani si rafiki wa kabati kama langu.

Kinachoniudhi zaidi ni usafi. Gari la Safari bila matope ni kama mvuvi mwenye kucha za kupaka rangi. Watengenezaji hukumbuka fito za chuma za mbele na taa kubwa, kisha wanalipiga rangi likang'aa. Nilitaka kulichafua kwa mchanga wa Takawiri, nikaacha: chembe ya nusu milimita, kwa kipimo hicho, ni jiwe la sentimita 2. Vumbi la kufaa lazima liwe laini kama unga wa muhogo.

Jioni nilimkuta yule mvulana ufuoni, nikamuuliza lile ni gari gani. Mimi nilikuwa tayari nimeliona Lancer.

"Probox," akasema, akinishangaa.

Juu ya keria alikuwa amefunga omena watatu kwa uzi wa nyavu.