Shauri la Mfanyakazi na Jibu la Meneja

Katika viwanda vya chai vya Gusii, nchini Kenya, kuanzia Nyankoba, Kebirigo, Tombe na Sanganyi upande wa Nyamira hata Kiamokama, Nyamache na Ogembo upande wa Kisii, lipo jambo lililo adimu katika biashara nyingi za ulimwengu, nalo ni kwamba mwenye mali na mwenye kuajiriwa aghalabu hutoka katika boma moja. Baba ni mwanahisa, mwenye michai iliyopandwa tangu KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, ilipokuwa mamlaka ya serikali, iliyoundwa mwaka wa 1964 na kugeuzwa kampuni mwaka wa 2000. Mama ndiye achumaye majani mawili na chipukizi. Na kijana wao ni kibarua wa zamu ya usiku katika kiwanda kile kile ambacho bonasi yake husubiriwa nyumbani kila mwaka wa hesabu ukiisha mwezi wa Juni. Mtu angedhani kwamba mahali palipofungamana hivyo hapana haja ya kumfundisha msimamizi namna ya kumshirikisha mfanyakazi. Haja ipo, tena kubwa, na sababu yake yastahili kuchunguzwa kwa makini.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe. Majani mabichi kilo 100 hutoa chai kavu takriban kilo 22 au 23, na baina ya kituo cha majani na mnada wa Mombasa ipo milango mingi ya hasara. Majani yaliyoshindiliwa ndani ya magunia yakingojea lori hupata joto, yakawa mekundu kabla ya wakati wake. Yakifika kiwandani hulazwa juu ya vitanda virefu vyenye feni zipulizazo hewa kutoka chini, ili yanyauke. Kisha hupitishwa katika mashine za kukata na kusokota, yakaachwa yachachuke, yakakaushwa mpaka unyevu ubaki kama asilimia 3, ndipo yachekechwe na kupangwa kwa madaraja. Katika yote hayo, kunyausha ndiko kunakotaka nadhari zaidi. Mzoefu wa kazi hii huchota konzi ya majani, akayafumbata kwa nguvu, kisha akaufungua mkono na kutazama: donge likitawanyika mara moja, majani bado mabichi, likifunguka polepole, yamewiva kwa mashine. Wala hatosheki na ya juu. Hupenyeza mkono hadi chini kabisa ya kitanda, tena katika kona ambayo hewa haiifikii sawasawa, kwani anajua kwamba kitanda kimoja chaweza kuwa na majani ya namna tatu. Maarifa haya yamo katika viganja vya watu ambao majina yao hayaandikwi katika ripoti yoyote ipelekwayo kwa wakurugenzi, ilhali ndiyo yanayoamua ladha atakayoionja mnunuzi kabla ya kutaja bei.

Kwa nini, basi, mwenye maarifa haya huliona kosa akanyamaza? Wengi husema ni hofu, na hofu ipo kweli, kwa sababu kibarua aitwaye kazini msimu wa majani mengi huchelea kwamba mdomo mrefu utamfanya asiitwe msimu ujao. Lakini mimi naona hofu si nusu ya kisa. Katika ofisi na viwanda vyetu vingi limetundikwa sanduku la maoni, lenye kufuli na tundu juu yake, na mtu aliyewahi kutia karatasi humo mara moja asipate jibu, la kheri wala la shari, hatatia ya pili, hata akihakikishiwa usalama wake kwa kiapo. Huko kutojibiwa ndiko kunakomfunga kinywa kuliko karipio.

Wazee wa Gusii walilijua jambo hili kwa njia yao. Katika egesangio, majirani wachache hulimiana mashamba kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule; na aliyesema kwamba mbegu hii imefukiwa kwa kina mno husikilizwa, maana mwenye shamba anajua kwamba kesho kutwa naye atasimama katika shamba la msemaji. Zamu yenyewe ndiyo dhamana ya jibu. Kiwandani zamu ya namna hiyo haipo: meneja hatalala na majani usiku wa kesho, wala kibarua hataketi katika kiti cha meneja. Kwa hiyo jibu, ambalo kijijini huja lenyewe kwa desturi, kiwandani halina budi kutengenezwa kwa makusudi.

Wajapani walifanya hivyo. Eiji Toyoda alipozuru viwanda vya Ford huko Marekani mwaka wa 1950, aliona utaratibu wa kupokea mashauri ya wafanyakazi, na mwaka uliofuata kampuni ya Toyota ikaanzisha wake. Watu husifu wingi wa mashauri yaliyotolewa. Mimi nasifu kwamba yalipimwa, na mwenye shauri akaijua hukumu yake. Wala hatuhitaji kusafiri mbali kutafuta baraza la kupokelea mashauri hayo. Sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya mwaka wa 2007 humtaka kila mwenye mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi kuunda kamati ya usalama, ambamo wafanyakazi wana wajumbe wao. Mahali pengi kamati hiyo hukutana ili kumridhisha mkaguzi tu. Iongezewe kazi ya kuzungumzia upotevu wa majani, kuni na umeme, na baraza litakuwa limepatikana bila ya gharama mpya. Mshahara na masharti ya kazi yabaki katika meza ya chama cha wafanyakazi. Meneja atakayejaribu kukipitia chama pembeni kwa hila ya ushirikishwaji ataharibu yote mawili.

Kanuni ninayoishauri ni fupi. Kila shauri lijibiwe kabla ya siku 14 kupita, kwa mdomo, mbele ya zamu nzima, na mtu mwenye madaraka ya kukata neno. Na likileta akiba, sehemu yake iende kwa zamu iliyolitoa, kwani si insafu akiba itokane na macho ya kibarua kisha ionekane katika bonasi ya wenye hisa peke yao. Jibu gumu kuliko yote ni la kukataa, na hilo ndilo linalotaka adabu nyingi zaidi. Wafanyakazi wa vitanda wakiomba feni za ziada, na hesabu ya umeme haikubali, meneja na aichukue ankara yenyewe, aiweke mezani, awasomee tarakimu kwa tarakimu. Yamkini mmoja wao atamwuliza kwa nini feni za vitanda vitupu huachwa zikizunguka mpaka alfajiri.