Watoto Wajengapo, Mwalimu Atazame

Huko Misisi, katika eneo la Fizi, Kivu ya Kusini, dhahabu ndiyo inayowalisha watu wengi. Si ajabu basi mtoto wa shule ya maternelle, akipata udongo na vijiti uani, achimbe shimo, asimamishe vijiti kandokando ili udongo usiporomoke, kisha apitishe maji katika mfereji mdogo aoshe mchanga wake. Mwalimu apitaye haraka huona nguo chafu tu. Pengine husema neno baya zaidi: “Huyu atakuwa mchimbaji tu.”

Neno hilo twalikataa. Kijiti kilipoanguka, naye akakikita chini zaidi, mtoto huyo alijifundisha jambo ambalo maneno yetu yasingaliweza kumfundisha.

Maria Montessori, yule daktari Mkatoliki aliyefungua Nyumba ya Watoto huko Roma tarehe 6 Januari 1907, siku ya Epifania, alitaka mwalimu ajifunze kwanza kutazama. Naye Harriet Johnson wa New York alieleza katika mwaka 1933 jinsi watoto wanavyoendelea katika kujenga kwa vipande vya mti: kwanza huvibeba tu huku na huko, halafu huvirundika au kuvipanga safu, baadaye huweka kimoja juu ya viwili kama daraja, tena huzungusha ua. Hayo yote twaweza kuyaona kwa vipande vya matofali. Vitu vya dukani si lazima.

Lakini jicho la kutazama halina budi kuzoezwa. Mkuu wa shule awaweke walimu wawili wamtazame mtoto mmoja kwa dakika 10, kila mmoja na daftari lake, bila kusemezana, kisha wasomeane. Aliyeandika “Ni mvivu” ameandika alichodhani. Aliyeandika “Ameweka tofali juu ya mawili, limeanguka, ameyasogeza yale mawili karibu, limekaa,” huyo ana neno la kuanzia kesho. Tena walimu wenyewe waketi chini wajenge. Wengine wataona haya, na waone! Mtu mzima ambaye daraja lake limebomoka mara tatu hana haraka ya kumcheka mtoto.

Na swali “Ni nini hiki?” lisitangulie. Mtoto atajibu “Nyumba” ili kumridhisha mwalimu tu. Afadhali kusema, “Naona umesimamisha vijiti vinne,” kisha kungoja.

Iko sababu nyingine, nayo ni nzito. Watoto wengi huyajua machimbo kwa kusikia mazungumzo ya nyumbani. Lakini mmoja akionyesha katika mchezo wake jinsi mtu anavyoshuka shimoni na jinsi mawe yanavyotwangwa, akitaja kila chombo na mahali pake, mwalimu mwangalifu atajiuliza: ameyaona wapi? Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 inamkinga mtoto na kazi za hatari. Mwalimu asimkemee mtoto, wala asiyatangaze mambo hayo sokoni. Amwite mzazi faraghani, afungue daftari, amsomee yale aliyoyaona, na siku aliyoyaona.