Je, Wajua? Lenzi ya Kuvuta Mbali Msituni Kakamega

Je, wajua kwamba katika Msitu wa Kakamega adui wa mpiga picha si umbali tu, bali pia kiza? Hata jua likiwaka huko nje, njia za Isecheno na Buyangu hubaki na mwanga hafifu chini ya majani. Hapo ndipo tofauti ya lenzi za zumu hujitokeza.

Chukua mbili za Canon. EF 75-300mm, ya mnunuzi wa kawaida, ina gramu 480 tu. Ikivutwa hadi mwisho, tundu lake la mwanga haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. EF 70-200mm f/2.8 ya kitaalamu, toleo la tatu, ina karibu kilo moja na nusu. Kwa f/2.8 mwanga unaopita ni mara nne ya ule wa f/5.6. Yaani pale lenzi nyepesi inapolazimika kupiga kwa 1/125 ya sekunde, nzito hupiga kwa 1/500. Mbega anayeruka kutoka tawi hadi tawi hatakusubiri: kwa 1/125, mkia wake mweupe utatoka kama moshi.

Unaweza kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, lakini picha itajaa chengachenga.

Hata hivyo, usiidharau ile nyepesi. Ndege akitua ukingoni mwa msitu, juani, milimita 300 humvuta karibu kuliko 200. Na shingo yako haitauma.