Mpeni Muuguzi Nafasi Mkutanoni

Ndugu msomaji, ukiulizwa muuguzi wa zahanati yenu anafanya kazi gani, bila shaka utajibu kwamba anachoma sindano, anafunga vidonda, anapima watoto uzito na kuzalisha kina mama. Jibu hilo ni sahihi lakini halijatimia. Iko kazi nyingine ambayo wanakijiji wengi hawaijui, na hata baadhi ya wauguzi wenyewe huisahau. Kazi hiyo ni kukisemea kijiji katika mambo ya afya.

Sisi tunaokaa chumba cha kutibia tunamwona mgonjwa mmoja mmoja. Anakuja na homa, anapimwa malaria, anapewa dawa, anaondoka. Muuguzi anaona zaidi ya hapo. Kila mjamzito anayehudhuria kliniki anaandikwa naye, na kila mtoto anayechanjwa vilevile. Anaandika jina, umri na mahali mtu anapotoka. Watu hudhani vitabu hivyo vya MTUHA ni karatasi za serikali tu, za kutengenezea taarifa ya kila mwezi ya wilayani. Kumbe ndani yake mna habari za kijiji kizima.

Tuchukue mfano. Tuseme kijiji kina vitongoji vinne, na mwezi wa Februari wameletwa zahanati watoto 30 wanaoharisha. Wamepewa dawa ya kuongeza maji mwilini na vidonge vya zinki, wamepona. Mwisho wa mwezi muuguzi anapofunga hesabu anakuta watoto 21 kati ya hao wametoka kitongoji kimoja. Hapo lazima ajiulize. Watu wa kitongoji hicho wanachota maji wapi? Je, pampu imeharibika, wakarudia kuchota dimbwini pamoja na ng'ombe? Kama ndivyo, dawa zetu zitawasaidia watoto hao mwezi huu, na mwezi ujao watarudi wale wale. Anayetakiwa hapo ni fundi wa pampu, naye haitwi na mganga. Anaitwa na kijiji chenyewe.

Lakini kijiji kitajuaje, kama mwenye hesabu amenyamaza?

Jambo hili si geni katika kazi ya uuguzi. Mwaka 1854, wakati wa vita vya Crimea, muuguzi Mwingereza aitwaye Florence Nightingale alikwenda na wenzake kuhudumia askari katika hospitali ya Scutari, nchini Uturuki. Askari wengi zaidi walikuwa wakifa kwa magonjwa ya kuambukiza kuliko kwa majeraha ya vita. Baada ya vita alikusanya hesabu za vifo, akazichora ili hata asiye mtaalamu aelewe, akawabana wakubwa wa serikali yake watengeneze hali ya afya jeshini. Watu humkumbuka kwa taa aliyoishika usiku akipita kati ya wagonjwa. Mimi naona hesabu zake zilifanya kazi kubwa kuliko ile taa.

Na hapa kwetu wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu karibu milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kujisomea, wakasikiliza redio, wakajadiliana. Hawakuishia kujadiliana. Walikata shauri wakachimba vyoo, wakafukia madimbwi ya mbu. Habari za afya zilipata watu wa kuzifanyia kazi.

MAMA ANAYETOKA DAMU

Sasa tuangalie jambo zito kuliko pampu. Mama aliyejifungua salama anaweza kuanza kutoka damu nyingi. Hata kama alikuwa na afya njema, asipotibiwa anaweza kufa ndani ya saa mbili. Sindano ya oksitosini hukaza mfuko wa uzazi na kupunguza damu. Lakini dawa hii inataka kutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, sawa na chanjo nyingi za watoto. Friji ya zahanati ikiharibika, dawa hupoteza nguvu. Mkunga anachoma sindano, damu haisimami.

Muuguzi hana fedha ya kununua friji. Alicho nacho ni mdomo na kalamu. Aseme kwenye kamati ya zahanati. Amwandikie barua mganga mkuu wa wilaya, aweke tarehe, abaki na nakala. Asipojibiwa aandike tena. Wengine watamwita msumbufu. Afadhali aitwe hivyo kuliko kwenda kutoa pole msibani.

Kisha kuna usafiri. Tangu mwaka 2022 serikali imekuwa ikieneza mpango wa m-mama. Mzazi au mtoto mchanga akipata hatari, inapigwa simu namba 115 bila malipo, na hutafutwa gari la wagonjwa. Likikosekana, huitwa dereva wa hapo hapo kwenye jamii aliyeandikishwa na mpango. Ni kazi nzuri. Lakini nani katika kitongoji cha mbali anaijua namba hiyo? Na gari litapitaje kama daraja la miti limekwenda na maji ya masika? Mambo hayo mawili yanataka mtu wa kuyasema mbele ya wananchi wote, na anayefaa kuliko wote ni yule anayeijua saa ya kuzaa ilivyo.

Faida ya kuhangaika inaonekana. Utafiti wa taifa wa 2015/16 ulikadiria kwamba katika kila vizazi hai 100,000 walikufa kina mama 556 kwa sababu za uzazi. Utafiti wa 2022 ulikadiria 104. Hata hao 104 wana watoto waliobaki nyumbani.

KINACHOZUIA

Mara nyingi muuguzi ni kijana, mgeni wa kijiji, tena mwanamke. Akisimama kusema, mzee mmoja anakohoa, mwingine anauliza huyu mtoto wa nani. Au anapewa nafasi kwenye "mengineyo", jua limezama, watu wamekwisha kunyanyuka na viti vyao. Hii si haki.

Kosa jingine liko upande wetu wa zahanati. Muuguzi anayewafokea kina mama wakiwa na uchungu hawezi kuwasemea, kwa sababu watajifungulia nyumbani na hesabu zao hatazipata. Na anayetoa siri za wagonjwa ni mbaya zaidi. Mkutanoni zitajwe idadi, yasitajwe majina. Idadi ikiwa ndogo kiasi cha watu kumtambua mhusika, nayo isitajwe. Habari ya nani ana virusi vya UKIMWI au nani amepigwa na mumewe haihusu mkutano hata kidogo.

Ndugu wananchi, Mkutano Mkuu wa Kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na Halmashauri ya Kijiji hukutana kila mwezi. Mwombeni mwenyekiti na mtendaji waweke taarifa ya zahanati mwanzoni mwa ajenda. Dakika kumi zinatosha. Nawe ndugu muuguzi, usije na hotuba ndefu juu ya usafi. Sema ni watu wangapi wameugua, wanatoka kitongoji gani, unadhani sababu ni nini, kisha omba jambo moja linalowezekana. Ombi hilo liandikwe kwenye muhtasari, pamoja na jina la aliyepewa kazi na tarehe ya kuimaliza. Mkutano unaofuata, muhtasari ukisomwa, aulizwe mbele ya wote pampu imefikia wapi.